Kiti Kilichotafuta Mtu

Kila mgeni aliyekikalia kile kiti alivua kiatu cha mguu wa kushoto, na hakuna aliyekumbuka kwamba amekivua.

Nathanaël, mwongoza wageni, aligundua jambo hilo asubuhi moja alipokuwa akibandika picha ukutani, katika chumba cha mbele cha makumbusho ya Kasongo. Wageni walikuwa na desturi ya kumtumia picha zao kwa simu wakisharudi makwao, naye alizipeleka kwa fundi wa sokoni azitoe kwenye karatasi. Alizipanga kwa mistari, akarudi nyuma kutazama kama zimenyooka, ndipo akaona. Daktari wa Goma: kiatu cha kushoto kimelala pembeni. Wanafunzi wa Kindu, mmoja baada ya mwingine: vivyo hivyo. Mzungu mzee aliyekuja na binti yake: soksi nyeupe juu ya sakafu ya udongo. Wote walikuwa wamekanyaga chini kwa mguu ule, wameweka mkono mmoja gotini, na wamegeuza kichwa kidogo kuelekea mlango wa uani, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka jikoni.

Alimwita mkuu wake, Mama Anastasie, mwalimu mstaafu kutoka Wamaza, mwanamke wa sauti ndogo aliyeisimamia nyumba hiyo tangu ilipofunguliwa.

“Ni wewe unawaambia wavue?”

“Mimi? Mi nilizani ni wewe. Kusudi picha zifanane.”

“Sijamwambia mutu.”

Mama Anastasie alivaa miwani, akapita mbele ya picha polepole. “Basi wanaigana. Mutu anaona picha kwa ukuta, anaiga.”

“Wa kwanza alimwiga nani?”

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kikwembe alichojifunga ingawa haikuwa na vumbi. “Papa Nathanaël, watu wanakuja. Mwaka uliopita tulikuwa tunaongea na mijusi. Acha wavue hata shati.”

Nathanaël alimtazama akienda zake, akajiuliza kwa nini mtu asiyejua jambo awe na haraka hivyo ya kulimaliza.

Ilikuwa kweli kwamba zamani hawakuja. Nyumba ilikuwa ya kuta nene, iliyoachwa na wafanyabiashara wa misafara wa karne ya kumi na tisa, na ndani yake mlikuwa na minyororo yenye kutu, vyungu vya Wabangubangu, shanga chache na ramani. Watu waliofika Kasongo kwa kazi za mashirika waliingia kwa heshima, wakatoka kwa heshima. Ndipo Mama Anastasie akaziomba familia za mjini zilete vitu vya mababu, na Rachida, muuza vikwembe wa sokoni, akaleta kiti kimefungwa ndani ya mkeka, nyuma ya baiskeli.

Kilikuwa kiti kifupi cha mbao nyeusi, chenye mgongo na kamba za ngozi, na mikono yake ilikuwa imelainika kwa kushikwa. Nathanaël alichuchumaa mbele yake. Alikuwa amesoma historia chuo kikuu cha Kisangani, na alijua kutazama kitu.

“Hii ni kiti ya nani, Mama Rachida?”

“Ya babu wa babu. Mufanyabiashara mukubwa,” alisema Rachida, akiangalia barabarani.

Kiti kile hakikuwa cha mwanamume. Kilikuwa kifupi mno, na mbao zake zilikuwa zimenyonya harufu ya manukato. Nathanaël aliliona hilo waziwazi. Lakini wageni walitaka kusikia habari za wafanyabiashara wakubwa, kwa hiyo alichukua kibao na kalamu, akaandika: Kiti cha mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Rachida alisoma, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, akaondoka bila kuaga.

Wazo la kuwakalisha wageni lilimjia muda mfupi baadaye, alfajiri, kabla hajafungua macho vizuri. Alisimama kuume kwa kiti, akamshika mgeni mkono, akamuuliza jina na mahali atokapo, akamketisha, kisha akatangaza kwa sauti chumba kizima kisikie: “Leo amekaa fulani, wa mahali fulani.” Wageni walicheka na kupiga makofi. Picha zilisafiri. Wakaanza kuja watu wa Bukavu na Kinshasa, waliotua kwa ndege ndogo, na wengine waliofika kwa pikipiki kutoka upande wa Kabambare wakiwa wekundu kwa vumbi hadi kwenye nyusi. Aliwapeleka Nyangwe, akawaonyesha ukingo wa mto Lualaba mahali soko la kale lilipokuwa, akawaeleza watu walivyokusanywa pale na kufungwa shingo kwa shingo. Walisikiliza hadi mwisho. Kisha wakauliza kama njiani watapita tena kwenye kiti.

Alikuwa amengoja miaka mingi watu wa kumsikiliza hadi mwisho. Kwa hiyo aliziacha picha ukutani, na habari ya viatu akaiweka moyoni.

Mke wake, Véronique, hakuipenda ile nyumba. Alipita mbele yake kila siku akienda sokoni, na hakuwahi kuingia.

“Inanuka kama mutu ametoka sasa hivi,” alimwambia mumewe.

“Mutu gani?”

“Ningemujua ningekuambia, Baba Estelle.”

Ndivyo alivyomwita, tangu binti yao Estelle alipozaliwa, na Estelle sasa alikuwa anasoma Bukavu.

Siku ya wanawake, mwezi wa tatu, akina mama wa kwaya walikuja makumbusho wote pamoja, wamevaa kikwembe cha aina moja, na Véronique alikuwa katikati yao kwa sababu hakutaka kubaki nje peke yake. Waliingia wakiimba. Walipofika mbele ya kiti wakaanza kumtania.

“Mama Estelle, bwana yako anawashika wanawake wa Kinshasa mukono kila siku. Wewe hajakushika?”

“Alinishika siku ya ndoa, ilitosha,” alisema Véronique, nao wakaangua kicheko na kumsukuma mbele.

Nathanaël alimshika mkono. Ulikuwa mkavu na wa moto, mkono wa mtu aliyetoka kufua. Akamketisha, akatangaza kama kawaida: “Leo amekaa Véronique, wa Kasongo.”

Aliposema hivyo ndipo alipotambua kwamba hakuwahi kulitaja jina la Kasongo pale. Wenyeji hawakuwa na sababu ya kwenda kutazama kiti cha jirani. Aliinamisha macho haraka kwenye miguu ya mkewe. Viatu vyote viwili vilikuwa mahali pake. Véronique alikaa akirekebisha kilemba na kucheka, akainuka, akatoka na wenzake.

Tangu siku ile hakuna mgeni aliyevua kiatu. Nathanaël aliwachunguza mmoja mmoja: walikaa hovyo, miguu huku na huku, wakatazama kamera. Siku nzima alijisikia mwepesi. Jioni, akiwa njiani kurudi nyumbani, alisimama ghafla katikati ya barabara hata mwendesha baiskeli akamtukana. Alikuwa amejiuliza kwa nini mambo yale yamekoma, na jibu lilikuwa limefika kabla ya swali kwisha: kilichokuwa kinatafuta kimeacha kutafuta.

Kwanza ilikuwa harufu. Nguo za Véronique, zilizonuka siku zote sabuni na moshi wa kuni, zilianza kunuka udi, na udi haukuwahi kuchomwa katika nyumba yao. Nathanaël aliwaza lile ambalo mume yeyote angeliwaza. Alimfuata kwa mbali alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Alitazama simu ya mkewe alipokwenda kisimani, akaona haya, akatazama tena. Hakukuwa na mwanamume.

Kisha aliacha kutia chumvi katika sombe, mboga ya majani ya muhogo, na alipoulizwa alisema kwa upole kwamba chumvi inamuunguza ulimi. Kisha akaacha kumwita Baba Estelle.

“Mwenyeji,” alimwambia asubuhi moja, “maji ya kuoga iko tayari.”

“Mbona unaniita hivyo?”

“Si ni wewe ulinikaribisha?”

Alisema akitabasamu, na tabasamu lilikuwa lake, lenye pengo dogo upande wa kulia, lakini lilichelewa kidogo, kama kitu kilichotolewa kabatini na mtu asiyejua vizuri kabati hilo.

Jioni moja mvua ilikuwa inanyesha juu ya mabati, nao wameketi jikoni karibu na moto, naye Véronique anachambua maharagwe, akauliza bila kuinua macho, “Yule daktari wa Goma, mama yake walimuzika vizuri?” Nathanaël hakuwahi kumweleza habari za daktari yeyote, na daktari mwenyewe, alipokuja, hakuwa ametaja mama. Alichukua simu, akaandika salamu fupi, na jibu likaja kabla maharagwe hayajawekwa motoni: mama alikuwa amezikwa juma lile, na nani amekuambia, Papa Nathanaël, maana bado hatujawatangazia watu wa mbali? Véronique hakungoja kusomewa. Aliendelea, kwa sauti ileile ya mtu anayeuliza hali ya majirani, kutoka kwa daktari hadi kwa wanafunzi wa Kindu, na kutoka kwa wanafunzi hadi kwa mzungu mzee na binti yake, akiwataja kwa majina waliyotangazwa nayo, kwa utaratibu uleule waliopangwa ukutani, huyu anakohoa, huyu amegombana na kaka yake, huyu analia chooni ili mumewe asisikie, na Nathanaël, aliyekuwa amewasahau wengi wao, aliwaona wakirudi mmoja mmoja katika kinywa cha mkewe na kukaa pale jikoni, hata akahisi kwamba akigeuka nyuma atakuta hakuna mahali pa kupita.

Halafu wakaja kweli.

Wa kwanza alikuwa Yvette, muuguzi kijana wa Uvira, aliyekuwa amekikalia kiti miezi michache kabla. Nathanaël alimkuta ameketi uani kwake, juu ya mkeka, mbele ya Véronique, na nguo zake bado zina tope la njia ya Fizi na Kabambare, njia ambayo mtu akiipita mara moja huisimulia maisha yake yote.

“Umerudi kutazama makumbusho?” alimuuliza.

Yvette alionekana kutafuta jibu. “Hapana, Papa. Nilikuja kumuona Mama. Nilikuwa kazini, nikajikuta nafunga mizigo.” Alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka. “Nimemuletea sabuni. Sijui kwa nini sabuni.”

Hakuwa mtu wa ajabu. Aliosha vyombo, akaomba dawa ya meno, akasifia sombe isiyo na chumvi. Alipokuwa anaondoka kesho yake alimwambia Nathanaël polepole, mlangoni, “Papa, mupeleke Mama hospitali. Mi naogopa. Nikiwa karibu naye nasikia raha sana, ndo maana naogopa.”

Baada yake walikuja wengine. Walishuka kwenye pikipiki, wakapita mbele ya makumbusho bila kugeuza shingo, wakaenda moja kwa moja kukaa uani kwa Nathanaël. Hawakuomba kitu. Walikaa wamegeuza kichwa kidogo kuelekea jikoni, alikokuwa Véronique. Majirani wakaanza kunong’ona kuhusu dini mpya, wengine kuhusu biashara ya madini. Makumbusho yalizidi kusifiwa. Barua ilifika kutoka ofisi za jimbo, Kindu, ikimpongeza Mama Anastasie.

“Tukitoe kile kiti,” Nathanaël alimwambia.

“Tukitoe, wageni waje kuona nini? Minyororo?”

“Muke wangu anapotea, Mama.”

Mama Anastasie aliitazama barua ya Kindu iliyokuwa mkononi. “Uliza mwenye kukileta,” alisema mwishowe, na kwa jinsi alivyoharakisha kukunja barua yake, Nathanaël alijua kwamba yeye naye alikuwa amewaza hivyo siku nyingi.

Rachida alikuwa dukani mwake sokoni, anampimia mteja kitambaa. Alipomwona Nathanaël alimwambia mteja arudi kesho.

“Funga mulango nusu,” alisema. “Ongea polepole. Bwana yangu iko musikitini, lakini watu wanapita.”

“Kile kiti ni cha nani?”

“Nilikuambia. Babu wa...”

“Mama Rachida. Muke wangu hali chumvi.”

Rachida aliweka mkasi chini. Alikunja kitambaa mara kadhaa, kila mara kidogo zaidi, mpaka hakikuweza kukunjika tena.

“Ni cha bibi yangu,” alisema. “Na kabla yake bibi yake. Iko jini wa nyumba, alikuja na watu wa misafara, na wao walienda, yeye akabaki. Anataka mutu wa kukalia. Si kwa ubaya. Bibi alikuwa anapika, anauza, anacheka. Lakini hakuwa wake mwenyewe. Mutu akiketishwa kwa ile kiti, akishikwa mukono, jina yake ikatajwa mbele ya watu na fasi, mahali penye anatoka, basi amepewa.”

Nathanaël aliutazama mkono wake wa kuume. “Nani alinifundisha kufanya hivyo?”

“Mi sikukufundisha.”

“Najua. Nauliza nani.”

Nje mtu alipita na redio.

“Bibi alikufa bila kumupa mutu,” Rachida aliendelea. “Alinitaka mimi. Nikakataa. Bwana yangu akijua mambo haya iko ndani ya familia, ananirudisha kwetu. Tukaona musée, hii makumbusho yenu, ni muzuri. Watu wa mbali wanakuja, wanaona, wanaenda. Hakuna mwenye kubaki. Tulizani atachoka.”

“Mulituletea sisi.”

“Na wewe uliandika mufanyabiashara mukubwa,” alisema Rachida, sauti haijapanda hata kidogo. “Uliona kama ni kiti ya mwanamuke. Niliona umeona. Nikasema, bon, sawa, huyu naye anataka uongo, basi tunaelewana.”

Alikubali mwishowe kwamba yuko mtu mmoja aliye hai anayejua kazi hiyo, Bibi Nuru wa Nyangwe, aliyekuwa msaidizi wa bibi yake. Akaahidi, machozi yakimtoka bila uso wake kubadilika, kwamba siku Bibi Nuru akifika naye atakuja, atashikwa mkono, ataketi, achukue kilicho chake.

Bibi Nuru alifika Jumapili baada ya misa, amekuja kwa pikipiki na chetezo cha udongo mapajani, mwanamke mwembamba anayenuka samaki wa kukaushwa. Makumbusho yalikuwa yamefungwa. Alizunguka chumba, akasoma kibao cha Nathanaël, akakigeuza kielekee ukuta.

“Sikiliza, mutoto wangu,” alisema. “Huyu hatoki kama upepo. Anatoka kwa mutu kwenda kwa mutu. Mwenye kumuketisha muke wako ni wewe, mwenye kumuinua ni wewe. Ukimuinua, atauliza nani anakaa. Utataja jina na fasi. Mutu muzima, mwenye ameisha kukaa hapa kwa mukono wako. Wafu hawachukui.”

“Mimi mwenyewe?”

“Nani alikuketisha wewe?”

Hakuna. Kwa muda wote ule hakuwahi kukikalia.

“Rachida anakuja,” alisema. “Nitamuketisha kwanza, kisha nitamutaja.”

“Basi tumungoje.”

Véronique alikaa kwenye kiti, amefunikwa shuka nyeupe, mtulivu, kama mtu anayengoja kusukwa nywele. Moshi wa udi ulipanda. Saa zilipita, jua likahama kutoka dirisha moja hadi lingine, na Rachida hakuja. Mama Anastasie, aliyewekwa mlangoni, alichungulia kwenye ufa, akarudi nyuma.

“Papa Nathanaël,” alinong’ona. “Wageni iko nje.”

“Waambie tumefunga.”

“Hawajapiga hodi. Wamesimama tu. Ni wengi.”

Nathanaël alitega sikio na hakusikia mazungumzo, wala kikohozi, wala mtoto, ila kitu kimoja kilichofanana na mvua ya mbali, ambacho alikitambua polepole kuwa ni pumzi, pumzi za watu wengi waliosimama wameukabili ukuta wa nje, wakivuta pamoja na kutoa pamoja, na alipomtazama Véronique aliona shuka ikiinuka na kushuka kwa mwendo uleule, na akaona pia kwamba mikono iliyoshika mikono ya kiti imeshika mahali palepale palipolainika, kidole kwa kidole, kana kwamba mbao zilikuwa zimechongwa kwa kipimo chake.

“Hawezi kukaa nusu yeye, nusu jini zaidi ya hapa,” alisema Bibi Nuru. “Jua likizama jini atakuwa amemuenea wote. Muinue, au mwache.”

“Rachida...”

“Rachida haji. Hakuja hata siku ya kumuzika bibi yake.”

Nathanaël aliusogelea ule mkono, akaushika. Haukuwa mkavu wala wa moto. Akavuta. Véronique aliinuka nusu, na kutoka chini ya shuka ikasema sauti ya mwanamke mtu mzima, tulivu, ya mtu aliyezoea kuhudumiwa.

“Mwenyeji, unanisimamisha. Nani anakaa?”

Picha zilikuwa ukutani, mbele ya macho yake. Aliwaona wote. Alimwona daktari aliyefiwa, alimwona mzungu mzee, aliwaona vijana wa Kindu ambao mama zao aliwajua. Alitafuta mtu ambaye hatamwona tena. Hakuwahi kujua baadaye kama alimchagua yule kwa sababu alikuwa mbali, au kwa sababu alikuwa mpole na mtu mpole hurahisisha mambo.

“Yvette,” alisema. “Wa Uvira.”

Shuka ilianguka. Nje, miguu mingi ilisogea kwa pamoja, kisha ikatawanyika bila mpango, na sauti zikaanza, watu wakiulizana wako wapi na pikipiki zimeachwa wapi. Véronique alikuwa amemwangukia kifuani, ananuka jasho.

“Baba Estelle,” alisema. “Nina njaa.”

Alikula chumvi siku hiyo hata akailamba kiganjani. Alirudi kwenye kwaya. Kiti kilichomwa uani mwa makumbusho na Bibi Nuru mwenyewe, na Mama Anastasie alisimama kando bila kusema neno. Wageni walipungua, kisha wakakoma. Walioingia waliuliza kiti kiko wapi, wakaambiwa kimeliwa na mchwa, wakatazama minyororo kwa heshima na kutoka. Nathanaël aliona ni sawa. Alirudi nyumbani mapema, akamsaidia mkewe kutwanga sombe, akamsikiliza akiimba sauti ya pili bila ya kwanza, na hakukuwa na muziki aliotaka zaidi ya huo.

Lakini Véronique alikuwa anamtazama. Alimtazama kama mtu anayengoja mwenzake aanze.

“Siku ile,” alimuuliza mwishowe, “ulimutaja nani?”

“Bibi Nuru alimaliza mwenyewe,” alisema Nathanaël. “Sikumutaja mutu.”

Véronique alichekecha unga hadi ukaisha.

“Mi nilikuwa ndani,” alisema. “Nilikuwa nasikia kila kitu, kama mutu yuko kisimani na watu wanaongea juu. Nilisikia ukinyamaza, nikasema moyoni, hatataja. Nilikuwa nakuombea usitaje.”

“Ungebaki pale.”

“Ndiyo.”

Alichukua simu ya mumewe, akaiweka mbele yake juu ya meza. Nathanaël aliitafuta namba, akapiga. Ilipokelewa kabla ya kulia.

“Yvette? Ni Papa Nathanaël, wa Kasongo. Nataka kukuambia...”

“Mwenyeji,” ilisema sauti ya yule binti, tulivu, ya mtu aliyezoea kuhudumiwa. Nyuma yake palisikika ukumbi wa hospitali, vitanda vikisukumwa, watoto wakilia, watu wakiitana. “Asante sana. Huku watu ni wengi.”

Véronique alikuwa amesikia. Asubuhi alifunga vikwembe vyake katika mfuko, akaweka na paketi ya chumvi, akaita pikipiki ya njia ya Kabambare. Nathanaël alimsihi. Alimwambia habari za njia, za watu wenye silaha, za daraja lililovunjika. Alimwambia kwamba hajui lolote la kufanya akifika.

“Najua anavyosikia mule ndani,” alisema Véronique. “Mutu akijua kama iko mwenzake kwa mulango, anashikilia. Mi sikuwa na mutu. Nilikuwa na wewe, na wewe ulikuwa unaogopa.”

“Utarudi?”

Alipanda nyuma ya dereva, akaweka mfuko katikati. Alifikiri kabla ya kujibu, kwa uangalifu, kwa sababu hakutaka kumdanganya.

“Nikimukuta bado ni Yvette, tutarudi wote wawili, na utamwambia mwenyewe uliyofanya. Nikimukuta amekwisha, nitakaa naye. Baki salama, Baba Estelle.”

Pikipiki iliondoka. Nathanaël alisimama barabarani hadi mlio wake ulipopotea upande wa Wamaza, kisha akarudi nyumbani, na uani hapakuwa na mtu yeyote aliyekuwa anangoja.